Jumamosi ya Filister

Ukitoka Migori mjini ukashuka upande ambao mto Kuja unakimbilia ziwani, utapita vituo vingi, na wenyeji wa kila kimoja watakuapia kwamba chao ndicho kitovu cha dunia. Wath Ochuoga ni kimojawapo. Wath ni kivuko, na ochuoga ni kile kichaka cha miiba chenye matunda meusi ambayo watoto huyala mpaka midomo ikabadilika rangi. Kivuko hakipo tena, maana daraja lilijengwa. Kichaka nacho kilikatwa zamani ili ipatikane nafasi ya kuweka kinu cha mpunga. Jina peke yake ndilo lililokataa kuhama.

Mgeni akipita leo ataona barabara ya vumbi, kinu kinachonguruma, maturubai ya mpunga yaliyoanikwa kando ya njia na kuku wanaofukuzwa kutoka kwenye maturubai hayo. Ataona vijana wa bodaboda wamelala juu ya pikipiki zao. Ataona ile bahari ya kijani upande wa mto, majaruba yaliyopangwa moja baada ya jingine mpaka jicho lichoke, na atasema mji ni mdogo. Huyo mgeni hajui lolote, na wala simlaumu, kwa sababu mji wenyewe hasa haukuwa wa kuonwa kwa macho. Ulikuwa wa kusikilizwa.

Muulize Orpah Nyakerario. Yeye aliingia hapa akiwa bi harusi, ametoka Nyamache kule milimani Kisii, ameandamana na mumewe Nyamweya aliyekuwa akileta ndizi na kurudi na samaki. Nyamweya aliutazama udongo mweusi wa ukingo wa mto, akaupenda kuliko biashara, akakodi jaruba moja. Baadaye akalinunua. Orpah alilia siku ya kwanza kwa sababu ya mbu, siku ya pili kwa sababu ya joto, na ya tatu kwa sababu alikuwa hajui neno hata moja la Kijaluo. Baada ya hapo hakupata tena wasaa wa kulia, maana mpunga haumngojei mtu amalize machozi.

Sasa, kulima mpunga ni kazi ya maji na matope, lakini kuufikisha nyumbani ni vita na ndege. Punje zinapoanza kujaa maziwa, wale ndege wadogo wenye midomo myekundu huja kwa maelfu. Hushuka kwenye jaruba kwa pamoja, na wakiinuka huacha masuke matupu yamesimama wima kama kwamba hakuna kilichotokea. Kwa majuma kadhaa, tangu alfajiri hadi jua lizame, lazima awepo mtu wa kupiga kelele, kugonga madebe na kurusha tope kwa teo, lile kombeo la kamba. Siku moja tu ukikosa, umekosa msimu.

Na Orpah alikuwa Msabato. Jua likizama Ijumaa, jembe huwekwa chini, moto wa kupikia huzimwa, na kazi husimama mpaka jua lizame tena Jumamosi. Msimu wake wa kwanza alikwenda kanisani akaimba kwa moyo mkunjufu, akarudi akakuta ndege wamefanya sherehe. Jumatatu yake mwanamke wa jaruba la jirani, ng'ambo ya mfereji, alisimama akatazama yale masuke matupu, kisha akamtazama Orpah, halafu akacheka mpaka akashika mbavu.

"Nyar Kisii," alimwambia, yaani binti wa Kisii, na hilo ndilo jina alilomwita tangu siku hiyo, "nyinyi mnaomba Mungu awape chakula, na akiwapa mnawachia ndege?"

Huyo ndiye Filister. Mkatoliki wa kuzaliwa, mke wa Maxwell mvuvi, mwenye sauti ambayo ungeisikia ukiwa ng'ambo ya mto hata upepo ukivuma kinyume. Orpah alichukia sana kuchekwa. Lakini Jumamosi iliyofuata, akiwa ndani ya kanisa, alisikia dirishani sauti hiyohiyo ikitoka upande wa jaruba lake.

"Hoiii! Tokeni kwa mpunga ya nyar Kisii! Mwenyewe ameenda kuomba!"

Kanisa zima liliangua kicheko katikati ya sala. Jumapili yake Orpah aliamka gizani, akaenda kusimama kwenye jaruba la Filister mpaka misa ikaisha. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Wala hawakuketi wakapatana.

Basi mambo yakaenea. Kabla ya miaka michache kupita, kila nyumba ya Wasabato ilikuwa na nyumba yake ya Wakatoliki, na watu walitambulishana sokoni kwa siku. "Huyu ndiye Jumamosi yangu," Msabato angesema, na Mkatoliki naye angejibu, "Na huyu ni Jumapili yangu." Watoto walizaliwa wakakuta hivyo, wakadhani ndivyo dunia nzima inavyolima mpunga.

Na ndiyo maana nasema mji huu ulikuwa wa kusikilizwa. Jumamosi ungesimama darajani ukamsikia Linet akiimba kwenye majaruba ya chini, Irine akimjibu kutoka juu, na Paul akipuliza filimbi yake ya polisi ambayo hakuna aliyejua aliitoa wapi. Kutoka kanisani zingekuja nyimbo za Wasabato kwa sauti nne, zikakutana na madebe hewani. Jumapili kelele ziligeuka: nyimbo za misa upande ule, na Wasabato mashambani wakifukuza ndege kwa Kikisii. Orpah hajawahi kusikia muziki uliomtuliza moyo kuliko ule, na kama kuna kitu kilimfanya aache kulilia milima ya kwao, ni hicho.

Kanisa nalo lilikuwa na maswali yake. Mokua, ambaye siku hizo alikuwa kijana wa kuimba besi mwenye ukali wa Biblia, alisimama mara moja akauliza mbele za watu: amri si inasema hata mgeni aliye ndani ya malango yako asifanye kazi siku ya Sabato? Je, Filister si anamfanyia Orpah kazi?

"Simtumi, simlipi," Orpah alijibu. "Na hayuko ndani ya malango yangu, yuko kwake. Ndege wa kwangu wakiogopa sauti yake, niwaambie warudi?"

Mokua aliketi. Lakini Orpah alimheshimu Mungu wake kwelikweli, akaona ni aibu jirani mwema namna ile apotee. Kila Jumatano, watu walipoombwa wataje mahitaji yao, yeye alisimama na kusema, "Mnikumbukie Filister." Alisema hivyo miaka nenda miaka rudi, mpaka wageni wakadhani Filister ni mwanawe mgonjwa. Filister alijua anaombewa na hakukasirika. Kila Ijumaa Orpah alipika chakula cha kesho yake, akamwachia sehemu kwenye kibanda cha jarubani, na Filister akila hakukosa neno.

"Mungu wenu mzuri, lakini anapenda chakula baridi," alisema. "Na kamongo amewakosea nini? Samaki tamu hivyo, ati kwa sababu haina magamba. Siku nikiingia kwenu, kamongo wote wa Kuja watafanya harusi."

Ilikuwa raha. Orpah akikumbuka siku hizo huwa anatabasamu peke yake akiosha vyombo.

Kisha watu wakapungua. Daraja lilipokuja, malori yalikuja, na nyuma ya malori wakaja watu wa mjini waliokodi majaruba kumi kumi, wakayafunika kwa neti. Linet alimfuata mwanawe Ndhiwa. Irine alikodisha. Paul alifariki, na filimbi yake haikupatikana. Vijana nao, ukimwambia kijana akae juani kufukuza ndege, anakutazama kama umemtukana. Wao wanakwenda kuchimba dhahabu. Jumamosi moja baada ya nyingine sauti zilipungua huko mashambani, bila ugomvi wowote, mpaka zikabaki mbili tu: ya Filister kwa Orpah, na Jumapili ya Orpah kwa Filister. Nyamweya alikuwa amekwisha kuzikwa kwao milimani. Maxwell alikuwa amezikwa nyuma ya nyumba yake. Na ndege, kwa kuwa majaruba mengine yote yalikuwa na neti, walijua vizuri sana ni wapi pamebaki pa kula.

Msimu huu ulipoanza, Clifford alikuja. Clifford ni mwana wa Orpah, anafanya kazi Rongo, mtoto mwema ambaye hajawahi kumpigia mamake kelele. Alikaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, akanywa uji, akaweka kikombe chini.

"Mum, mimi sikulazimishi. Lakini tuseme ukweli. Msimu ule mwingine mafuriko, huu uliopita ndege. Nyumba Nyamache iko tayari, iko na stima, maji iko mpaka jikoni. Wewe hapa unakaa na nani?"

"Nakaa na watu."

"Watu gani, Mum?"

Orpah alifungua mdomo awataje, akajikuta ana jina moja tu la kutaja.

"Basi tufanye hivi," Clifford alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole kiasi kwamba hapakuwa na mahali pa kuishika ugombane nayo. "Ukivuna vizuri hii season, nitajua unaweza. Sitakusumbua tena na hiyo maneno. Ikikataa, nakuja na pickup tunaenda nyumbani. Sawa?"

"Sawa," alisema Orpah, kwa sababu mpunga wake ulikuwa umesimama vizuri, na kwa sababu alikuwa na Filister.

Hakumwambia Filister habari hiyo. Alimjua. Angempigia Clifford simu papo hapo akamwambia mambo ambayo kijana wa watu hapaswi kuambiwa.

Jumapili moja, masuke yakiwa yameanza kuinama kidogo, Orpah alikuwa kwenye jaruba la Filister tangu alfajiri kama kawaida yake. Kengele ya misa ililia. Mara akamwona Filister mwenyewe anakuja juu ya tuta, amevaa kandambili na leso ya kila siku, hana haraka yoyote.

"Mama Dolphine, misa imekuacha," Orpah alimwambia.

"Haijaniacha. Mimi ndiye nimeiacha." Filister alikaa juu ya debe, akavuta pumzi. Alikuwa amezeeka, na mguu wa kushoto ulikuwa ukimsumbua. "Nyar Kisii, nakuja kanisa yenu. Nimesoma na Mokua hizi Jumanne zote, nikamwambia asikwambie. Jumamosi hii wananikubali asubuhi, jioni naingia kwa maji."

Orpah aliweka teo chini. Hilo ndilo jambo aliloliomba tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Alipaswa kurusha mikono juu na kumwimbia Bwana katikati ya jaruba. Badala yake aliuliza, "Na kamongo?"

"Hiyo ndiyo imenichelewesha," Filister alisema, wakacheka wote wawili. Kisha Filister akanyoosha ule mguu, akatazama majaruba yenye neti.

"Unajua, zamani nikisimama hapa Jumamosi sikuwa peke yangu," alisema. "Linet alikuwa kule, Irine huku. Sasa ni mimi na ndege. Nyinyi mnaimba huko ndani, mimi nasikia kutoka inje. Nimechoka kusikia wimbo kutoka inje. Dolphine yuko Homa Bay na omena zake, watoto wengine sijui hata wako wapi. Nataka kuzeeka nikikaa na mtu. Nataka kukaa na wewe."

"Bwana asifiwe," alisema Orpah, macho yakiwa ng'ambo ya mfereji, kwenye jaruba lake.

Usiniambie kwamba Filister hakufikiria ndege. Alifikiria, tena kabla ya mwenzake. Alisema watafunga karatasi za nailoni kwenye kamba, zipepee. Alisema Mungu atalinda. Mpunga wake yeye ulikuwa wa kula tu, ukipungua Dolphine angemtumia kitu. Hakujua kwamba kwa Orpah jambo halikuwa mpunga. Punje zilikuwa zimeanza kujaa maziwa juma lile lile, na Jumamosi tatu au nne za kuachiwa ndege jaruba zima zilitosha kabisa kumleta Clifford na pickup yake.

Orpah hakulala vizuri juma hilo. Alijipima na hakupendezwa na alichokiona. Alijiuliza kama aliyemtaka ni rafiki au ni kelele za rafiki. Kumtafuta kibarua wa Jumamosi hakuweza. Huyo ndiye hasa mtumishi aliyekatazwa na amri, na mwenyewe alikuwa amejitetea kwa hoja hiyo mbele ya kanisa zima. Neti ingemlazimu kumwomba Clifford fedha, na Clifford angemtazama kwa ule upole wake. Jumatano alimfuata Mokua, ambaye sasa ni mzee wa kanisa na besi yake imebaki ya kukohoa tu.

"Mzee, huyu Filister," Orpah alianza. "Hatuwezi kungoja kidogo? Mpaka tuvune?"

Mokua alivua miwani.

"Dada Orpah, umetusumbua na huyu mama tangu nikiwa kijana. Magoti yangu yameisha kwa sababu ya Filister wako. Sasa Mungu amejibu, wewe unamwambia angoje mavuno?"

Orpah alirudi nyumbani amenywea. Njiani alisimama darajani akasikiliza. Kinu kilikuwa kimezimwa. Palikuwa na pikipiki moja mbali, na maji. Aliona haya kwamba mji alioupenda namna ile sasa ulikuwa umesimama juu ya koo la bibi kizee mmoja, na kwamba yeye alikuwa tayari kumnyima bibi huyo nafasi ya kuketi ili koo liendelee kufanya kazi. Lakini pia alimkasirikia Filister. Kwa nini asingoje msimu mmoja tu? Alikuwa na hasira, na huzuni, na haya, vyote kwa pamoja, na hakujua aanze na kipi.

Jumamosi ikafika. Orpah alivaa nguo yake ya samawati, akafunga kitambaa, akapita kando ya majaruba bila kutazama. Karatasi za nailoni zilikuwa zikipepea kwenye kamba. Ndege wachache walikuwa wamekwisha kutua juu ya kamba hizohizo, wanazitumia kama bembea.

Kanisa la Wath Ochuoga ni la mabati juu na matofali chini, lina miti mikubwa ubavuni, na madirisha yake hayana vioo. Orpah aliketi mahali pake pa siku zote, karibu na dirisha la upande wa mto. Wimbo wa kwanza uliimbwa. Ukaisha, na kwa mara ya kwanza katika majuma ya ndege tangu ile Jumamosi ya kwanza ya Filister, baada ya wimbo hapakuwa na sauti yoyote kutoka nje. Watu kadhaa waligeuza vichwa dirishani kwa mazoea, kisha wakageuka tena.

Mokua akamwita Filister mbele. Alikuja akichechemea, amevaa gauni jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Alisimama akawatazama watu kwa uso ule ule wa kutazama ndege.

"Huyu dada yetu mnamjua," Mokua alisema. "Hata wasiomjua wamemsikia." Watu wakacheka. "Amesoma, ameulizwa, amejibu. Wanaokubali tumpokee, akishabatizwa leo jioni awe mmoja wetu, wainue mkono wa kuume."

Mikono ikainuka. Mokua, ambaye hufanya kila jambo kwa utaratibu, alianza kuhesabu kutoka viti vya mbele akirudi nyuma. Alipofika dirishani akasimama. Wa kiti cha mbele wakageuka kuona amesimamia nini, na wa nyuma yao wakageuka pia, na punde kanisa zima lilikuwa linamtazama Orpah, mwanamke aliyewaombesha habari ya Filister nusu ya maisha yao, ambaye mikono yake yote miwili ilikuwa mapajani.

Hakuwa amekusudia. Mkono tu haukuwa umeinuka. Kutoka nje, katika ule ukimya, alikuwa amesikia kitu kama mvua kubwa inayokuja kwa mbali, na mtu wa mpunga hahitaji kuambiwa hiyo ni nini. Ni mbawa. Walikuwa wanashuka.

Akamtazama Filister. Filister alikuwa akimtazama yeye, naye hakuwa na wasiwasi hata chembe. Alikuwa anatabasamu. Aliuona ule mkono uliochelewa, na katika akili yake haikupita kabisa fikira kwamba mkono huo ungeweza kukataa. Alidhani rafiki yake amezidiwa na furaha.

Orpah aliinua mkono. Aliuinua juu kabisa, mpaka bega likamuuma, na akaona wazi pale pale kila kitu alichokuwa anakiachilia: mlango wake unaotazama majaruba, harufu ya pumba za mpunga jioni, njia ya kwenda sokoni ambapo hata mawe alikuwa anayajua. Alilia bila sauti, na watu wakasema amina, wakidhani wanajua analilia nini.

"Wote," alisema Mokua, akavaa miwani yake vizuri.

Filister akaja akaketi karibu naye, wakabanana. Alinukia sabuni. Mokua akafungua Biblia akaanza kuhubiri, na nje ile mvua isiyo ya maji ikaendelea. Sasa ilikuwa na sauti nyingine ndani yake, kelele nyembamba za maelfu ya ndege wanaogombania suke. Filister alishtuka. Orpah alimwona akikaza shingo, akisikiliza, akikisia wako jaruba gani.

"Nyar Kisii," alinong'ona. "Wako kwako. Wote wako kwako."

"Nasikia."

"Wacha nitoke mara moja." Alikuwa amekwisha kushika kiti cha mbele ili ajivute asimame. "Mimi bado sijaingia kwa maji. Mpaka jioni mimi bado ni Mkatoliki. Hakuna dhambi. Nakimbia, napiga debe, narudi."

Na hilo lilikuwa kweli kabisa. Hata Mokua asingekuwa na andiko la kulipinga. Debe lilikuwa palepale kibandani, na sauti ile, ijapokuwa imezeeka, ingetosha kuwainua ndege wote mpaka ng'ambo ya mto. Leo mpunga ungepona. Na Jumamosi ijayo huenda lingepatikana neno jingine, na ile ya baada yake neno jingine tena, na Filister angetoka kila mara, kwa sababu ndivyo alivyo. Orpah alilitazama goti la rafiki yake lililovimba, likijitahidi kunyooka chini ya gauni jeupe. Akakumbuka jua la Jumamosi, jinsi linavyochoma pale juu ya tuta, na chakula baridi kwenye sufuria. Yeye alikuwa amepumzika Sabato zote hizo. Mwenzake hakuwa amepumzika hata moja.

Akamshika mkono, akamvuta chini.

"Kaa, Mama Dolphine."

"Watamaliza!"

"Wacha wamalize. Kaa."

Filister aliketi polepole. Alimtazama usoni kwa muda mrefu, akitafuta mzaha asiuone. Nje ndege walikuwa wanakula, na Orpah alijua kwamba pamoja na mpunga walikuwa wanakula nyumba yake na uzee wake katika mji huu, na iliuma, iliuma sana, lakini hakuuachilia ule mkono. Ulikuwa mkavu na mgumu kwa sababu ya kamba za teo. Waliketi hivyo, Mokua akahubiri, na upepo wa kutoka mtoni ukapita kwenye miti ukaingia dirishani.

Baada ya muda Filister akainua macho akatazama paa, kisha kuta, kisha kivuli kilichotanda sakafuni mpaka miguuni pake. Akamwinamia Orpah sikioni.

"Kumbe huku ndani kuna baridi hivi?" alisema.